Vidonda vya tumbo: jikague hatari yako kabla ya kuilaumu pilipili

Ukishaambiwa una vidonda vya tumbo, lawama huwa zimeshapangwa: pilipili, maharage, ndimu, kulala na njaa, mawazo. Siku hiyohiyo unaachishwa nusu ya vyakula vya nyumbani, unaambiwa unywe maziwa kila asubuhi, unabaki na uji na viazi vya kuchemsha mwezi mzima. Na tumbo linaendelea kuuma vilevile.

Vidonda vingi vya tumbo vina wahusika wakuu wawili, na hakuna hata mmoja anayekaa kwenye sufuria. Wa kwanza ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Wa pili ni dawa za maumivu, zile tunazomeza kwa mgongo, goti, jino na hedhi bila kumuuliza mtu. Mengine yote ama yanawasaidia hao wawili, ama yanaamsha maumivu ya kidonda ambacho tayari kipo.

Mwongozo huu ni wa kujikagua hatua kwa hatua, uwe unaumwa sasa, ulipona ukarudiwa, au una wasiwasi tu. Chukua kalamu, karatasi na ule mfuko wa dawa wa nyumbani.

Kabla ya yote: dalili zisizosubiri

Ukitapika damu, au ukatapika kitu cheusi chenye chengachenga kama machicha ya kahawa, funga ukurasa huu uende hospitali. Vivyo hivyo kwa choo cheusi tii kinachonata na kunuka kuliko kawaida, kwa maumivu makali ya ghafla huku tumbo limekakamaa, na kwa kizunguzungu cha kutaka kuanguka ukisimama. Hizo ni dalili za kidonda kinachovuja damu au kilichotoboka, na hakuna cha kusubiri kupambazuke. Vidonge vya madini ya chuma, kama wanavyopewa wajawazito, navyo hufanya choo kiwe cheusi bila damu yoyote. Lakini kama humezi vidonge hivyo, usijitafutie maelezo ya kujifariji.

Zipo dalili nyingine ambazo si za usiku huo, ila ni za wiki hiyo: kukonda bila sababu, kutapika kila ukila, kuambiwa damu imepungua, maumivu ya tumbo yanayoanza kwa mara ya kwanza ukiwa mtu mzima wa makamo na kuendelea, na hasa chakula kukwama wakati wa kumeza. Hili la kukwama naliwekea mkazo. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Bonde la Ufa la Kenya kushuka hadi Kilimanjaro na Malawi, una saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamekaa miezi wakitibu "vidonda". Anayekwama ugali, kisha wali, kisha hata uji, anahitaji kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Dawa za tumbo zitamchelewesha tu.

Na mtu wa makamo mwenye kisukari au presha, akishikwa ghafla na "kiungulia" kinachobana kifua pamoja na jasho, apelekwe kupimwa moyo kwanza. Tumbo litafuata.

Hatua ya 1: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kila nyumba ina huo mfuko. Mara nyingi ni wa nailoni, umefungwa fundo, unakaa juu ya kabati. Ndani kuna vibahasha vya karatasi vilivyoandikwa kwa kalamu 1×3 au 2×2 bila jina la dawa, na vipande vya pakiti ya fedha vilivyokatwa kwa mkasi hadi jina limebaki nusu: …FENAC 50. Humo ndimo ukaguzi unapoanzia.

Tafuta majina haya kama yalivyochapwa kwenye pakiti: diclofenac, ibuprofen, aspirin, indomethacin, naproxen, piroxicam, meloxicam, ketorolac, mefenamic acid. Hizi zote ni za kundi moja, dawa za kupunguza maumivu na uvimbe. Kile kidonge maarufu cha mchanganyiko ambacho wengi hukiita diklopa kina diklofenaki na parasetamoli ndani yake, kwa hiyo nacho kimo. Kibahasha kisicho na jina, kiweke pembeni. Kama hujui kilichomo, hakina sababu ya kurudi kwenye mfuko.

Kwa nini kundi hili linaumiza tumbo? Ukuta wa tumbo huishi na asidi kali saa zote, na kinachouokoa ni ute unaoufunika pamoja na damu inayopita kwa wingi kuuponya. Kazi hiyo ya ulinzi inasimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Sasa, kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye goti. Ukimeza dawa ya kuzizima gotini, unazizima na tumboni. Ute unapungua, asidi inabaki palepale.

Ukielewa hapo, mambo mawili yanayozungumzwa sana vijiweni yanajibika yenyewe. La kwanza ni "mimi nachomwa sindano, kwa hiyo haipiti tumboni." Inapita, tena kwa njia ya damu, ikafika kwenye ukuta uleule. La pili ni "nakula kwanza." Chakula kinapunguza kichefuchefu na kuungua. Hakirudishi ule ute.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita panadoli, haimo kwenye kundi hili. Ndiyo maana ni chaguo la kwanza kwa mwenye tumbo bovu, mradi mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Kupita hapo ini linaumia. Na anayemeza diklopa akaongeza panadoli juu yake ajue anaihesabu parasetamoli mara mbili.

Simama kidogo pembeni ya duka la dawa usikilize.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, nikusaidie nini?"

"Nipe ile ya mgongo, ya siku zote. Na ile ya tumbo nayo uniwekee."

Mteja ni dereva wa bodaboda, mgongo umechoka na matuta ya barabarani. Ya mgongo ni diklofenaki, ya tumbo ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Ametoa elfu mbili tatu, ameondoka na sababu ya ugonjwa wake na tulizo lake katika kibahasha kimoja, na wiki ijayo atarudi. Wapo wengi kama yeye: wabeba mizigo wa sokoni, mafundi ujenzi, akina mama wa mashambani, mabibi na mababu wa magoti, wasichana wanaoumwa na hedhi.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: mwezi uliopita ulimeza dawa ya kundi hili siku ngapi, vidonge vingapi kwa siku, na kwa maumivu gani. Ukweli mtupu, karatasi ni yako. Siku mbili za hedhi si sawa na kila jioni baada ya kazi, ila usidhani madhara yanasubiri miaka. Kidonda kinaweza kujitokeza ndani ya wiki za mwanzo.

Kuna dawa zinazojificha pia. Baadhi ya vidonge vya mafua na vya kichwa vina aspirini, soma kwa nyuma. Unga wa "mitishamba" ya viungo unaomwondolea mtu maumivu ya miaka mitano ndani ya saa moja, utilie shaka: kuchanganya diklofenaki au steroidi (dawa kali za kuzima uvimbe) kwenye dawa za namna hiyo ni hila inayojulikana duniani kote. Na vile vidonge vya kunenepa na kuongeza umbo vinavyouzwa chini kwa chini mara nyingi ni deksamethasoni, steroidi ambayo ikikutana na diklofenaki huipandisha hatari ya tumbo maradufu na zaidi.

Hatua ya 2: Ongeza vinavyozidisha

Watu wawili wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akapona mgongo, mwingine akaamkia chumba cha kuongezewa damu. Tofauti huwa hapa. Weka alama ya vema kwa kila kinachokuhusu: umri wa miaka 60 au zaidi; umewahi kuwa na kidonda, hasa kilichovuja damu; unatumia dawa mbili za kundi hilo kwa pamoja; unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda; unatumia prednisoloni au steroidi nyingine; unatumia baadhi ya dawa za sonona, mfano fluoksetini; una bakteria tutakayemzungumzia hapo chini.

Alama moja pamoja na dawa za maumivu za mara kwa mara inatosha kukupeleka kwa daktari kuomba mpango mwingine. Mipango ipo. Parasetamoli kwanza. Jeli ya kupaka kwenye goti au bega, ambayo kiasi kidogo tu ndicho huingia kwenye damu. Mazoezi ya viungo kwa mgongo, ambayo kwa maumivu ya muda mrefu yana maana kuliko vidonge. Na pale dawa yenyewe isipokwepeka, daktari huchagua dozi ndogo kwa siku chache, akaiambatanisha na ya kukinga tumbo kama omeprazoli.

Tahadhari moja kubwa: aliyepewa aspirini ndogo ya miligramu 75 au 100 kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kwa sababu amesoma mwongozo huu. Kuikatiza ghafla kunaweza kumgharimu zaidi ya kidonda. Aende aulize kama anahitaji kinga ya tumbo pembeni yake.

Hatua ya 3: Mtafute bakteria, kwa kipimo sahihi

Hadi miaka ya 1980 madaktari wenyewe walikuwa wakilaumu mawazo na vyakula vikali, na wagonjwa walikatwa mishipa ya fahamu ya tumbo ili asidi ipungue. Kwa hiyo bibi aliyekukataza pilipili hakuwa mjinga, alikuwa anarudia kilichosemwa hospitali. Mambo yalibadilika Perth, Australia, ambako Robin Warren na Barry Marshall waliwaona bakteria hawa kwenye tumbo za wagonjwa na mwaka 1982 wakafanikiwa kuwaotesha maabara. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likawaka. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyu hupatikana zaidi utotoni, ndani ya familia, kwa njia ya mdomo: mate, matapishi, kinyesi kinachoingia kwenye maji na mikononi. Ndiyo maana kinachopandisha uwezekano wa kuwa naye ni hali ya nyumba uliyokulia kuliko unachokula leo. Watu wengi kulala chumba kimoja, maji yasiyo salama, choo cha shida. Barani Afrika, zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye. Na wengi wao hawatapata kidonda maishani. Kati ya wanaomhifadhi, ni kama 1 kwa 10, au zaidi kidogo, anayefikia kidonda.

Hapo ndipo panapoliza watu. Unaingia kliniki, unatobolewa kidole, dakika chache jibu linatoka "positive", unaambiwa una vidonda. Jibu hilo halisemi hivyo. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kufa. Wapo watu waliotibiwa mara tatu, nne, kwa sababu kila wakipimwa damu jibu halibadiliki, wakati walishapona tangu dozi ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, uliza: "Mnapima damu au choo?" Kinachoonyesha kama bakteria yupo sasa hivi ni kipimo cha choo kinachotafuta chembechembe zake, kipimo cha kupuliza pumzi, au nyama ndogo inayochukuliwa wakati wa kamera. Cha choo ndicho kinachopatikana kwa urahisi zaidi na bei yake huvumilika. Na kidonda chenyewe, kwa maana ya kidonda, huonekana kwa kamera.

Vipimo hivi vina masharti, na mara nyingi mgonjwa haambiwi. Acha omeprazoli na ndugu zake, yaani esomeprazoli, pantoprazoli na lansoprazoli, wiki 2 kabla ya kupima. Dawa za kuua bakteria, ziwe za kifua, mkojo au jino, zipite wiki 4. Usipofanya hivyo bakteria hupungua na kujificha, jibu likatoka safi wakati yumo. Katika kusubiri, vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi vinaweza kukushikiza. Ila kama kidonda chako kiliwahi kuvuja damu, usiiache omeprazoli bila kumwambia daktari.

Akionekana, tiba ni mchanganyiko wa dawa tatu au nne kwa pamoja, kwa kawaida siku 14: ya kupunguza asidi na mbili au zaidi za kuua bakteria, mara nyingine pamoja na bismuthi, ambayo nayo huweusha choo. Ni dozi inayochosha. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, tumbo linachafuka, na siku ya tano maumivu yanakuwa yameisha, basi vidonge vilivyobaki vinarudi kwenye nailoni. Ndivyo usugu unavyotengenezwa, na klarithromisini, moja ya dawa zenyewe, tayari imeanza kushindwa sehemu nyingi duniani. Bora usubiri mshahara ununue dozi nzima kuliko kusema "nipe ya siku tano kwanza". Subiri angalau wiki 4 baada ya kumaliza, kisha pima tena kwa choo au pumzi, ukifuata masharti yaleyale.

Hatua ya 4: Sigara na pombe

Sigara inaongeza uwezekano wa kupata kidonda, inakichelewesha kupona na inapunguza nguvu ya tiba ya bakteria. Hakuna la kujadili. Pombe nyingi, na hasa kali kama gongo na chang'aa, inachubua ukuta wa tumbo, na ikikutana na diklofenaki au aspirini hatari ya kuvuja damu inapanda. Kidonge cha kuondoa maumivu ya kichwa asubuhi baada ya kulewa ni kosa la kawaida sana.

Hatua ya 5: Chakula, njaa na mawazo

Pilipili haitoboi tumbo. Inaweza kuliamsha tumbo ambalo tayari lina kidonda, kwa hiyo kama inakuumiza iache, kama haikuumizi kula. Ni hivyohivyo kwa ndimu, maharage na kahawa: tumbo lako ndilo litakalokuambia, wala huhitaji orodha ya jirani. Maziwa yanatuliza kwa muda mfupi, kisha yanachochea asidi zaidi, kwa hiyo si dawa.

Njaa imesingiziwa kwa sababu inayoeleweka. Kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba huuma tumbo likiwa tupu, aghalabu usiku wa manane, na hutulia ukila. Mtu akiona hivyo anasema njaa ndiyo imemletea. Kumbe kidonda kilikuwepo, njaa imekifunulia tu. Mwenye kidonda ambacho hakijapona azungumze na daktari kabla ya Ramadhani haijaandama. Anayeruhusiwa kufunga hupangiwa dawa zake kulingana na futari na daku, maana omeprazoli hufanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya kula.

Mawazo nayo si kwamba hayana hatia kabisa, wala hayabebi hatia yote. Baada ya tetemeko lililoipiga Kobe, Japani, Januari 1995, hospitali za eneo hilo ziliona vidonda vinavyovuja damu vikiongezeka, hasa kwa wazee. Lakini mawazo ya ada na kodi ya nyumba mara nyingi hupitia mlango mwingine: unalala vibaya, unavuta zaidi, kichwa kinauma, unameza aspirini.

Jambo moja la kando, kwa wapenda kujua: watu wa kundi la damu O hupata vidonda vya utumbo mwembamba kidogo zaidi ya wengine. Limejulikana tangu miaka ya 1950. Huwezi kulibadilisha, kwa hiyo usilikoseshee usingizi.

Hatua ya 6: Watoto na ndugu

Kwa kuwa bakteria huingia utotoni, kinga ya kweli ni ya watoto. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kulisha. Bibi asimtafunie mjukuu nyama kisha akamtia mdomoni, hata kama wote tulilelewa hivyo.

Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya tumbo, pima bakteria hata kama huumwi. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limemweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Hatua ya 7: Karatasi ya kumpa daktari

Sasa una karatasi. Kwenye chumba cha daktari dakika ni chache, na "tumbo linaniuma" haimsaidii sana. Iliyojazwa vizuri inaonekana hivi:

Umri miaka 46, fundi wa ujenzi. Maumivu chini ya kifua kwa miezi 3, zaidi usiku, yanatulia nikila. Diklofenaki 50, kidonge 1 mara 2 kwa siku, siku 20 kati ya 30 zilizopita, kwa mgongo. Omeprazoli nameza siku nikiumwa tu, mara ya mwisho juzi. Nilipimwa damu mwaka jana, "positive", nikanywa dawa siku 7, sikurudia kipimo. Sigara 5 kwa siku. Choo si cheusi, sijakonda. Baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, hatujui upi.

Ukimaliza kuisoma mbele yake, uliza matatu: nimeze nini kwa mgongo badala ya hii, nipimwe choo lini, na je, nahitaji kamera?